Dola 100 kwa kitu cha bure: Nipsey Hussle na nakala 1,000 za Crenshaw

Tarehe 8 Oktoba 2013, rapa mmoja wa Los Angeles ambaye hakuwa na lebo kubwa ya muziki nyuma yake aliachia mikstepu, yaani mkusanyo wa nyimbo usio albamu rasmi, yenye nyimbo zaidi ya 20, akaipa jina la mtaa wake: Crenshaw. Mwenye intaneti aliweza kuipakua yote bure. Wakati huohuo, kwenye duka la muda lililofunguliwa Fairfax Avenue, CD yenye nyimbo zilezile iliuzwa dola 100. Zilichapwa nakala 1,000 tu, na ndani ya saa 24 zilikuwa zimekwisha.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila msimulizi huanza na Jay-Z, rapa mkubwa wa New York, kwa kuwa ndiye aliyechukua nakala 100 kwa mkupuo. Mimi namweka Jay-Z pembeni kwanza. Anayetaka kuelewa jinsi msanii anayejitegemea anavyoweza kula kwa kazi yake aangalie zile nakala 900 nyingine na watu walioinuka kwenda kulipia kitu walichokuwa nacho tayari kwenye simu zao. Kilichowatoa nyumbani kilianza kujengwa miaka mingi kabla ya Oktoba ile.

Kona ya Crenshaw na Slauson

Nipsey Hussle, kwa jina la kuzaliwa Ermias Asghedom, alizaliwa Los Angeles tarehe 15 Agosti 1985. Baba yake, Dawit, alitoka Eritrea. Mama yake, Angelique, ni Mmarekani mweusi. Alikulia kusini mwa jiji, kwenye himaya ya genge la Rollin' 60s, na hakuwahi kuficha kwamba alikuwa mmoja wao. Jina lake la kazi lilichezewa kutoka jina la Nipsey Russell, mchekeshaji wa zamani wa televisheni. Hussle ni neno la mtaani la kuhangaikia riziki.

Akiwa bado mdogo aliunganisha kompyuta yake mwenyewe kwa vipuri ili apate pa kurekodia. Akaenda pia kwenye kituo cha sanaa cha Watts Towers, mahali ambapo vijana walifundishwa kazi ya studio bila kulipa. Kaka yake Samiel, ambaye mtaani wanamwita Blacc Sam, alikuwa akiuza fulana na soksi kwenye maegesho ya jengo la maduka lililopo makutano ya Crenshaw na Slauson. Nipsey alisimama palepale, buti la gari limefunguliwa, CD zimepangwa ndani, akimwita kila anayepita. Polisi waliwaondoa pale mara kwa mara, nao wakawa wanarudi.

Huo ulikuwa utaratibu wa zamani wa pwani ya magharibi. Rapa Too Short aliuza kanda zake mkononi Oakland miaka ya 1980. E-40 wa Vallejo alianzisha lebo ya Sick Wid It na jamaa zake, akauza rekodi nyingi mno duka kwa duka kabla lebo kubwa hazijamfuata. Master P alianzia kwenye duka la muziki Richmond, California, na mwaka 1996 akaingia mkataba na lebo ya Priority wa kusambaziwa tu, huku masta, yaani rekodi za asili, zikibaki zake. Vijana wa Crenshaw walikua wakizisikia hadithi hizi, kama sisi tunavyokua tukisikia nani alianza na meza moja na sasa ana ghorofa.

Jambo jingine lililomjenga halipatikani kwa wenzake hao. Mwaka 2004, Nipsey akiwa na miaka 18, baba yake aliwapeleka yeye na Sam Eritrea, wakakaa miezi mitatu. Nchi ile ilikuwa imepata uhuru wake mwaka 1993, baada ya vita ya miaka 30. Kijana aliyezoea kuona polisi, mwenye nyumba na mwenye duka wote wakiwa watu wa kuja kwenye mtaa wake, akajikuta mahali ambapo watu wanaofanana naye ndio wenye kila kitu, kuanzia kibanda cha kahawa hadi ikulu. Kwenye mahojiano mengi ya baadaye aliirudia safari ile. Alirudi Los Angeles na neno moja kinywani, kumiliki, na halikumtoka tena.

Lebo, na kwa nini alitoka

Mikstepu zake za 2008 na 2009 zilimfikisha kwenye lebo kubwa ya Epic Records. Mwaka 2010 jarida la rap la XXL lilimweka kwenye orodha yake ya rapa chipukizi, pamoja na J. Cole, Wiz Khalifa na Big Sean. Albamu ya kwanza ilitangazwa kwa jina la South Central State of Mind, tarehe ikawekwa, ikasogezwa. Uongozi wa lebo ukabadilika, na waliomleta wakawa hawapo. Albamu haikutoka.

Msanii anayekaa ndani ya lebo kubwa katika hali hiyo hafukuzwi. Anasubiri tu. Hawezi kutoa kazi kwa jina lake kwa sababu amefungwa, na hawezi kulazimisha itolewe kwa sababu si yake. Wengi wamezeekea kwenye foleni hiyo. Nipsey aliomba kuondoka, na mwishoni mwa 2010 akatoa The Marathon bure kabisa, chini ya nembo yake mwenyewe, All Money In No Money Out.

Msomaji asiyeijua biashara hii anahitaji kujua mkataba wa lebo unavyofanya kazi, maana bila hapo dola 100 itaonekana kama kiburi. Lebo inakupa advansi, yaani pesa ya kutangulia. Unaona pesa, unafurahi, lakini ile ni deni linalolipwa kwa mauzo yako. Gharama za kurekodi zinaongezwa humo, na mara nyingi sehemu ya gharama za video pia. Mrabaha wa msanii kwa kawaida huwa kati ya asilimia 12 na 20, na deni linakatwa kwenye fungu hilo dogo la kwako wakati lebo inaendelea kuchukua fungu lake kubwa tangu nakala ya kwanza. Ukimaliza kulipa, masta zinabaki za lebo. Waliofuatilia Bongo Fleva tangu enzi za kanda wanalijua neno hilo masta: ndiyo rekodi yenyewe ya asili, na aliye nayo ndiye anayelipwa kila wimbo unapouzwa, unapochezwa au unapowekwa kwenye tangazo.

Chukua albamu ya dola 10 na mrabaha wa asilimia 15. Msanii anahesabiwa dola 1.50 kwa nakala. Ili afikishe dola 100,000 lazima ziuzwe nakala zipatazo 66,667, na hapo deni halijakatwa. Kwa upande wa kusikiliza mtandaoni, ambako msikilizo mmoja hulipa chini ya senti moja, kiasi hichohicho kinadai zaidi ya misikilizo milioni 10. Nipsey alihitaji watu 1,000.

Mkate wa Philadelphia

Wazo la bei hakulitoa hewani. Alikuwa amesoma kitabu cha Jonah Berger, profesa wa masoko, kinachoeleza kwa nini baadhi ya vitu husambaa mdomoni mwa watu. Kitabu hicho kinasimulia habari za mgahawa wa Barclay Prime, Philadelphia. Mji ule una chakula chake cha mtaani: mkate uliojazwa nyama iliyokatwa nyembamba na jibini, chakula cha dola chache ambacho dereva na hakimu wanakila sawasawa. Mgahawa ukaupika mkate uleule kwa nyama ya Kobe, kamba mkubwa na uyoga wa bei mbaya, ukaweka na shampeni pembeni, na bei ikawa dola 100. Watu hawakwenda wote kuula, lakini wote waliuzungumzia, na jina la mgahawa likazunguka bila tangazo.

Mfanyabiashara mwingine angesoma hadithi ile akaona bei tu. Nipsey aliona kwamba mkate wa dola chache uliendelea kuuzwa kila kona. Hakuna mtu wa Philadelphia aliyenyimwa chakula chake kwa sababu ya Barclay Prime. Ndiyo maana Crenshaw ilibaki bure. Kijana wa mtaani kwake asiye na dola 10, sembuse 100, aliipata siku ileile, nyimbo zilezile, zote. Angeifunga nyuma ya bei angekuwa amewauzia matajiri hadithi ya maskini. Alichofanya ni kuuliza swali moja kwa sauti: nani anajivunia kulipa? Kampeni yenyewe aliiita Proud 2 Pay, na jina hilo lilisema ukweli wake. Aliyelipa hakudanganywa kwamba ananunua nyimbo. Alijua zipo bure. Alilipia kuonekana miongoni mwa 1,000, kumiliki nakala ambayo haitachapwa tena, na kuingia kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya walionunua.

Hapa ndipo ninapoona werevu wa kisa chote. Msanii wa kawaida wa mwaka 2013 alijua idadi ya watu waliopakua kazi yake, lakini hakumjua hata mmoja wao. Tovuti za mikstepu zilihesabu vidole vilivyobonyeza, basi. Baada ya Oktoba ile Nipsey alikuwa na watu halisi waliotoa pesa halisi na waliosimama ukumbini mbele yake. Ukiwa na watu wa namna hiyo unaweza kupanga mwaka wako: unajua ukichapa fulana ngapi zitaondoka, ukifungua duka nani ataingia wa kwanza. Waswahili tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu alikitembeza kizuri chake miaka minane kwenye buti la gari, bure au kwa dola chache, mpaka siku alipokiwekea bei kikawa na wenyewe.

Na muda huo ndio unaosahaulika na wanaomwiga. Kati ya kutoka Epic na Crenshaw ilipita takriban miaka mitatu. Humo alitoa The Marathon, akatoa The Marathon Continues mwaka 2011, zote bure, na zote zikiwa na ubora ambao wengine walikuwa wakiuuza. Kijana aliyezisikiliza hizo kwa miaka mitatu bila kudaiwa kitu alikuwa ameshaanza kujiona ana deni. Bei ya dola 100 ilikuwa nafasi ya kulilipa. Rapa anayeamka leo, hana mtaji wa imani, akabandika bei hiyo kwenye kazi yake ya kwanza, ataachiwa maboksi chumbani.

Jay-Z sasa

Habari ya Jay-Z kununua nakala 100, yaani dola 10,000, ilikimbia kuliko habari ya mikstepu yenyewe. Lazima tuseme wazi kwamba ilisaidia: ni moja ya kumi ya mzigo wote, na vyombo vya habari ambavyo visingegusa CD ya rapa asiye na lebo viliandika siku ile. Anayedai kwamba msanii huru alishinda bila mkono wa mkubwa yeyote hasemi kweli.

Lakini tuangalie nani alikuwa ananunua. Miezi mitatu tu nyuma, Julai 2013, Jay-Z mwenyewe alikuwa amewauzia Samsung nakala milioni 1 za albamu yake kwa dola 5 kila moja, nao wakawagawia bure wenye simu zao. Naye, kama Nipsey, aliwafikia wasikilizaji bure na pesa akaipata kwingine. Ni wazo moja lililobebwa na watu wawili kutoka ncha mbili. Mkubwa alitafuta mnunuzi mmoja mwenye mabilioni, na Nipsey, ambaye hakuna kampuni ya simu ingempokea hata barua yake, aliwatafuta 1,000 wenye dola 100. Nadhani Jay-Z alimtambua mwenzake wa kazi. Hata ukizitoa nakala zake, zinabaki dola 90,000 zilizotoka mifukoni mwa mashabiki, na CD moja haigharimu zaidi ya dola chache kuichapa.

Alipoirudia

Tarehe 31 Desemba 2014 alitoa Mailbox Money kwa mpango uleule: bure kwa wote, na nakala 100 za kuuza, safari hii kwa dola 1,000 kila moja. Piga hesabu uone: 1,000 mara 100 na 100 mara 1,000 ni kiasi kilekile, dola 100,000.

Kwenye karatasi kazi inakuwa rahisi zaidi, maana unatafuta watu 100 tu. Mtaani inakuwa ngumu. Dola 100 ni pesa ambayo fundi gari wa Crenshaw anaweza kuibana kwa wiki mbili akaitoa kwa ajili ya kitu anachokipenda. Dola 1,000 ni kodi ya nyumba. Aliyekuwa na mapenzi yaleyale ya mwaka uliopita alijikuta hawezi kuwamo, na kelele za 2013 hazikurudi. Kwangu hili ndilo funzo gumu zaidi la kisa, kwa sababu wengi wanaosimulia habari za Crenshaw wanaisahau Mailbox Money. Nakala ya kwanza ilikuwa juu ya uwezo wa kawaida, ila mtu aliifikia kwa kunyoosha mkono. Ya pili ilikuwa juu ya dari.

Hata hivyo jina alilolichagua lilisema anakotaka kwenda. Kwa Wamarekani hiyo ni pesa inayokukuta nyumbani kwenye sanduku la barua: mirabaha, kodi za wapangaji, gawio. Alikuwa akizungumzia masta zake.

Hadi Atlantic

Kuna mashabiki walioudhika aliposhirikiana na Atlantic Records kutoa Victory Lap, tarehe 16 Februari 2018. Waliona amesalimu amri. Mimi sioni hivyo. Kujitegemea hakukuwa kiapo cha kutoshika mkono wa lebo hadi kufa. Kulikuwa namna ya kufika mezani ukiwa na kitu cha kuweka juu ya meza. Mwaka 2009 alikwenda Epic na kipaji na njaa. Miaka minane baadaye aliingia Atlantic kama mshirika, na nembo ya All Money In ikiwa juu ya albamu pamoja na yao. Albamu ilianzia nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard 200 kwa uniti 53,000 za wiki ya kwanza, yaani mauzo na misikilizo ikijumlishwa pamoja, ikateuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya rap. Ilikuwa albamu yake rasmi ya kwanza. Alikuwa na miaka 32.

Na pale kwenye kona kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Ndugu hawa walianza kwa kukodi chumba cha duka kwenye jengo lilelile ambalo maegesho yake walikuwa wakiondolewa. Juni 2017 wakafungua hapo The Marathon Clothing, duka ambamo mteja aliielekeza simu kwenye fulana na kupata muziki na picha ambazo hazikuwa mahali pengine. Ni CD ya dola 100 imegeuka nguo: muziki unamfikia kila mtu, na anayetaka kuubeba mwilini analipa. Februari 2018 akashiriki kufungua Vector90, mahali pa kufanyia kazi kwa vijana wenye biashara changa, na chini yake kituo cha kuwafundisha watoto wa mtaa sayansi na teknolojia. Mwanzoni mwa 2019, yeye na mshirika wake David Gross wakalinunua jengo zima la maduka, pamoja na lami ya maegesho yake.

Tarehe 31 Machi 2019 alipigwa risasi kwenye maegesho hayo, mbele ya duka lake, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Tarehe 11 Aprili, baada ya ibada iliyojaza ukumbi wa Staples Center, gari lililobeba jeneza lilizungushwa kusini mwa Los Angeles kwa takriban kilomita 40, watu wakiwa wamepanga mistari barabarani, wengine wakiwa juu ya magari na mapaa. Msafara ulipita makutano ya Crenshaw na Slauson, mbele ya maegesho ambayo Sam aliuzia soksi na Nipsey akafungulia buti, na ambayo sasa yalikuwa mali yao.